Dada Wawili, Jina Moja

Kila asubuhi, kabla hatujafungua madirisha ya kaunta, nina kazi zangu ndogo ambazo hakuna aliyenituma. Nalowesha sifongo la vidole. Nazungusha tarehe ya muhuri na kuugonga mara moja kwenye karatasi chakavu, nisije nikatoa vyeti vya jana. Nachonga penseli. Mwisho navuta moja la madaftari ya zamani ya vizazi, yale yenye jalada la kitambaa cheusi, nasoma kurasa mbili tatu za watu waliozaliwa miaka mingi kabla yangu. Karani wa dirisha la pili, ambaye ofisi nzima inamwita Redio kwa sababu hajapata kuzimwa, husema nayasoma madaftari yale kama wenzangu wanavyosoma habari za udaku.

Nilikuwa natafuta watu wangu. Chumbani kwangu nimebandika karatasi kubwa ya manila, na juu yake nimechora ukoo wetu kwa penseli, visanduku na mistari. Upande wa baba umejaa hadi kwa wazazi wa babu. Upande wa mama una mashimo. Wazazi wake walifariki kabla sijazaliwa, na waliobaki ukiwauliza jambo la zamani wanakuuliza kama umeshakula. Kwenye kisanduku cha dada yake mama nilikuwa nimeandika "Mama Mkubwa" basi. Nina miaka ishirini na minne, nimekula naye sahani moja tangu nijue kushika tonge, na sikujua jina lake.

Kwetu hilo si ajabu. Mama anaitwa Mwalimu na mtaa mzima, hata na baba alipokuwa hai. Mama Mkubwa anaitwa Fundi kwa ajili ya cherehani yake. Mimi naitwa Kimya. Majina ya karatasi yanakaa kabatini na vyeti, yanatoka siku ya shughuli maalumu kama sahani za wageni.

Jumatatu ile nilikuwa nimefungua daftari, sijageuza hata ukurasa, kioo cha dirisha langu kikagongwa. Watu hawaruhusiwi kugonga kabla ya saa mbili. Nikainua macho nikamwona Mama Mkubwa, amejifunga kilemba chake cha kutokea, anatazama pembeni kidogo ya uso wangu kama anavyofanya siku hizi. Mkono mmoja umeshikwa na mke wa jirani, mwingine umeshika barua.

Alikuwa hajawahi kufika ofisini kwetu. Nilizunguka upesi nikamleta kwenye kiti cha ndani, na mke wa jirani akaenda zake sokoni. Mama Mkubwa akanieleza kwamba amepita zahanati peke yake bila kutuambia. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kulia limebakiza mwanga tu, kama mtu anayetazama kupitia maji ya kufulia. Alhamisi wanakuja madaktari wa macho katika hospitali kubwa, watakaa siku hiyo moja, halafu hawarudi hadi mwaka mwingine. Muuguzi amemwandikia barua. Kilichobaki ni namba ya kitambulisho, na yeye hana. Bila namba, hakuna kitanda.

"Sikujua na jicho nalo linadaiwa kitambulisho," akasema, akacheka.

Nilifurahi, nakiri. Katika maisha yangu yote yeye ndiye aliyenishonea sare, akanifungia vifungo, akaniombea ruhusa kwa mama. Sasa kulikuwa na kitu ambacho mimi naweza na yeye hawezi. Nikachukua fomu, nikamwambia nitauliza kila swali hata yale ya kipuuzi, maana ndivyo sheria inavyotaka. Jina kamili?

Akalitaja.

Kalamu ilikuwa imeshaandika neno la kwanza kabla akili yangu haijafika. Neno la pili na la tatu, yaani baba yao na babu yao, yasingenishangaza. Ni lile la kwanza. Lilikuwa jina la mama.

Nilimwambia polepole, kwa sauti ya chini, kwamba amenitajia jina la mdogo wake. Hakushtuka. Alijibu kama mtu anayekuona umebeba mwavuli wake.

"Sijakosea, mwanangu. Hilo ni langu."

Redio aliacha kupiga chapa. Kwenye ofisi yetu, ukimya wa Redio ni kitu kinachosikika. Nikaifunika fomu kwa kiganja, nikamwambia Mama Mkubwa angoje kidogo, nikaenda rafu ya nyuma. Nilijua mwaka, maana umri wake nilikuwa naujua hata kama jina silijui. Daftari la mwaka huo lilikuwa na vumbi jingi, na kurasa zake zilikuwa zimeshikana. Nilizitenganisha kwa rula. Mstari wa kumi na saba: mtoto wa kike, baba yule babu yangu, mama yule bibi yangu, na jina lile. Kwenye safu ya mwisho mtu ameandika kwa wino mwekundu kwamba cheti kimetolewa.

Nikatafuta daftari la miaka miwili baadaye, maana nyumbani tunajua wamepishana miaka miwili. Nalo lilikuwa na mmoja. Mtoto wa kike, baba yule yule, mama yule yule, jina jingine kabisa ambalo sijapata kulisikia nyumbani kwetu hata kwa mzaha. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Cheti hakikuchukuliwa, namba haikuombwa, hakuna shule, hakuna ndoa. Kwa mujibu wa serikali, msichana huyo alizaliwa Ijumaa moja na hakufanya kitu kingine chochote.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaingiza ule mstari wa kumi na saba. Ikafunguka picha. Mama, akiwa na umri kama wangu, nywele zimevutwa nyuma, anaitazama kamera kama mtu aliyesimamishwa na mwalimu wa zamu.

Niseme hapa taratibu za kazi yetu zilivyo, kwa sababu zote zilinipita kichwani kwa wakati mmoja. Watu wawili wakidai mstari mmoja, karani hana la kuamua. Anafungua faili la mgongano, namba inasimamishwa, na barua zinaanza kutembea kati ya ofisi na ofisi. Faili la haraka kuliko yote niliyoyaona lilichukua miezi mitano. Iko njia moja tu ya mkato: anayeitumia namba aje mwenyewe mbele ya Msajili, aseme kwa mdomo wake kwamba si yake. Akisema hivyo, mwenye jina hupewa barua ya utambulisho siku hiyo hiyo. Na yule aliyekiri, mambo yake na polisi yanaanza hapo.

Nilimwambia Mama Mkubwa mtandao umekatika. Ni uongo ambao hakuna mwananchi anayeukataa. Akasimama, akapapasa bega langu, akasema haidhuru, atakuja kesho.

"Mtandao wangu mimi mbona upo," Redio akasema niliporudi kutoka kumsindikiza. Nilijifanya natafuta kichongeo.

Jioni nilimkuta mama kwenye chumba cha nyuma, anakoishi na kushonea Mama Mkubwa. Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, mama hukaa kwenye kigoda pale na kutia uzi kwenye sindano kumi na mbili, kuzichomeka moja moja kwenye mto wa sindano, nyeusi upande huu na nyeupe upande ule, ili dada yake asihangaike asubuhi. Hajawahi kukosa. Siku baba alipozikwa, alizitia uzi.

Sina ujuzi wa kuanzisha mazungumzo magumu. Chuoni walinipa daraja la chini kwenye somo la mawasiliano kwa sababu mwalimu hakunisikia. Kwa hiyo niliingia, nikasimama karibu na mlango, nikasema tu kwamba Mama Mkubwa alikuja ofisini leo kuomba kitambulisho, na kwamba nimeyaona madaftari yote mawili.

Uzi wa mama ulipita nje ya tundu. Akaulowesha mdomoni, akajaribu tena, ukapita nje.

Aliyeeleza ni Mama Mkubwa, huku akikunja vitambaa visivyohitaji kukunjwa. Ni yeye aliyefaulu mtihani wa darasa la saba, peke yake katika shule yao, na barua ya nafasi ya sekondari ikaja na jina lake. Wiki hiyo hiyo mama yao akashindwa kuinuka kitandani. Mtu wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha alihitajika, na mkubwa ndiye aliyekuwa na mikono yenye nguvu. Nafasi ilikuwa ya kuripoti ndani ya siku kumi na nne. Babu yangu alikuwa mtu asiyetupa kitu, hata msumari uliopinda aliunyoosha. Akasema nafasi haitupwi. Mdogo aende na barua ya mkubwa na cheti cha mkubwa, mwaka mmoja tu, mgonjwa apone, kisha wabadilishane. Jina ni kama ndoo, alisema, ndugu huazimana.

Nilimwuliza kama kweli waliamini wanaweza kubadilishana wasichana wawili katikati ya shule.

"Tulifanana, mwanangu. Na nani alikuwa anatuita majina? Mimi niliitwa Dada, yeye aliitwa Mdogo. Tuliona tunaazima kitu kisicho na kazi."

Mgonjwa hakupona, na hakufa upesi. Alilala miaka mitatu. Alipozikwa, mwenye jina alikuwa na miaka kumi na saba na vidole vigumu, na mwazimaji alikuwa anaongoza darasa. Kisha likaja jina kwenye cheti cha sekondari, kwenye chuo cha ualimu, kwenye barua ya kazi, kwenye cheti cha ndoa. Kwenye cheti changu mimi, mahali pa mama. Sikuwa nimelifikiria hilo hadi aliposema.

Mama alipofungua mdomo alizungumza kama anapanga ratiba ya mitihani. Kuna lile jina la pili kwenye daftari, alisema, lipo, halina mtu. Dada alichukue hilo. Miaka miwili si kitu, nani atamhesabia mtu mzima makunyanzi? Barua ya zahanati atakwenda kumwomba muuguzi aiandike upya, wanafahamiana. Alhamisi Dada atakuwa kitandani, na hakuna atakayeumia.

Nikamweleza ile njia nyingine. Nilieleza vibaya, kwa kukatakata, lakini nilifika mwisho: mwenye namba akisema mwenyewe, barua hutoka siku hiyo hiyo.

"Na mwenye namba anapelekwa wapi?" mama akauliza.

Alikuwa anapajua. Yeye ni mkuu wa shule. Amebakiza miaka miwili astaafu. Mwaka jana alimfukuza msichana aliyemfanyia mwenzake mtihani, akamsimamisha mbele ya shule nzima na kusema kwamba jina la mtu ni dhamana. Nakumbuka alirudi nyumbani siku hiyo na hakula.

"Ni karatasi tu, Dada," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Kama ni karatasi tu," Mama Mkubwa akasema, "basi nirudishie langu, wewe uchukue hiyo karatasi isiyo na mtu."

Alisema bila ukali, lakini mama aliinua mkono akashika shingo yake mwenyewe. Kisha Mama Mkubwa akapapasa hewani hadi akaupata mto wa sindano, akauweka mapajani.

"Niliazima, sikutoa. Hilo ulijue," akasema. "Lakini nataka kuliona tundu la sindano kabla sijafa. Andikeni mtakavyo. Kaburini nani anasoma fomu?"

Jumanne nilifanya jambo ambalo sikujua naweza kulifanya. Fomu zetu zina namba, haziruhusiwi kupotea wala kuchanwa. Ile ya Jumatatu ilikuwa na neno moja juu yake, jina la kwanza la mama kwa mwandiko wangu. Niliitoa kwenye droo, nikaifungua pedi ya wino, nikaibonyeza juu ya neno lile hadi likafa. Kisha nikaandika kwenye kitabu cha fomu zilizoharibika: imechafuka kwa wino. Nikatia sahihi. Nilikula kiapo cha kazi mwaka mmoja na nusu uliopita, na Msajili alinitania kwamba serikali haijapata kuapiwa kwa sauti ndogo vile.

Kwenye fomu mpya niliandika lile jina la msichana wa Ijumaa. Lilikuwa jina zuri. Nilijikuta nawaza kwamba huyo ndiye mama yangu hasa, huyu ambaye hakuna aliyewahi kumwita, na kwamba jina lake ninampa mtu mwingine.

"Yule bibi wa jana," Redio akasema, shingo yake imeshavuka mpaka wa meza yake, "si ndiye anayekaa kwenu?"

Nikasema ndiye.

"Na wino umemwagikaje? Wewe ambaye hata chai yako huinywi bila kisahani?"

Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitabu cha fomu zilizoharibika. Nikasema mkono uliteleza. Akasema pole, akanitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika kusema pole, akarudi kwenye foleni yake. Siku nzima kila alipoinuka kwenda kwa Msajili na majalada, nilitazama kama kitabu kile kimo mkononi mwake.

Mtu mzima anayeomba namba kwa mara ya kwanza hapiti kaunta. Anaingia kwa Msajili, na shahidi wa damu mwenye kitambulisho. Tulipangiwa Jumatano saa tatu. Mama aliomba ruhusa shuleni, ambayo huwa haombi. Alivaa gauni la kijivu la vikao vya wazazi. Njiani alimshika dada yake mkono na kumtajia kila kitu kabla hawajakifikia: hapa shimo, hapa ngazi tatu, hapa kizingiti. Hakumtajia kitu kingine.

Msajili ni mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, na huibadilisha kutegemea umbali wa mtu. Alisimama kumpokea mama. Wanawe wawili wamesomeshwa na mama. Alisema Mwalimu ukija hapa sisi ndio tunapaswa kuleta vitambulisho, na mama akatabasamu kwa midomo tu. Chumba kilikuwa kidogo, kina kabati la chuma, viti vitatu na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Nilikaa pembeni ya meza, fomu mbele yangu, pedi ya wino mkono wa kulia.

Msajili alisema kwa kuwa mwombaji haoni, utaratibu ni ule: karani atamsomea fomu yote, mstari kwa mstari, na baada ya kila mstari mwombaji atajibu. Akisema ndiyo mpaka mwisho, ataweka dole gumba, na namba itatoka leo hii. Baada ya dole gumba hakuna kubadilisha, mpaka mahakamani.

"Soma, binti. Na leo tukusikie."

Nikasoma jina. Mama Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza cherehani inapotoa mlio asioupenda.

"Ndiyo," akasema.

Nikasoma siku ya kuzaliwa, Ijumaa ile, miaka miwili imekatwa. Akasema ndiyo. Nikasoma jina la baba na jina la mama, na hapo alisema ndiyo upesi, kwa utulivu, kwa sababu hayo yalikuwa kweli. Nikasoma kwamba hajawahi kupewa cheti wala namba. Ndiyo. Kwamba hajasoma zaidi ya shule ya msingi. Alinyoosha gauni lake magotini.

"Ndiyo."

Sikumtazama mama. Niliona mikono yake tu, juu ya mkoba, kidole gumba kimoja kinasugua ukucha wa kingine mpaka pembeni pamekuwa pekundu.

Mlango ukafunguliwa nusu. Redio, ameshika kitabu cha fomu zilizoharibika, anauliza kama Msajili atakisaini sasa au baadaye. Msajili akanyoosha mkono, akakipokea, akakiweka mezani karibu na kiwiko changu, akasema atakitazama tukimaliza. Redio akaondoka. Alifunga mlango polepole mno, hakutaka kupitwa na neno.

"Haya, shahidi," Msajili akasema. Akashusha miwani ya paji la uso. Akamgeukia Mama Mkubwa. "Mama, huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Swali hili halimo kwenye fomu. Lakini Msajili huliuliza kila mara, nimelisikia mara mia kupitia ukuta. Nilipaswa kuwaambia nyumbani, na nilisahau. Tulikuwa tumepanga majina, tarehe na miaka. Hatukupanga wataitanaje.

Niliona Mama Mkubwa anatafuta neno, kama anavyopapasa meza akitafuta mkasi.

"Ndugu yangu," akasema.

"Ndugu kwa maana gani? Mkubwa kwako au mdogo?"

Feni ilizunguka. Mama Mkubwa aliinua uso kuelekea alikodhani mama amekaa. Hakukosea sana.

"Mkubwa," akasema. "Ni dada yangu."

Msajili akasema hewala, ualimu unatunza ngozi, maana angeulizwa yeye angesema kinyume. Akacheka peke yake. Kisha akawataka wao wawili wathibitishe, kama desturi ya ofisi, mwombaji amwite shahidi naye shahidi aitike. Aliomba hivyo kwa wepesi tu, mkono wake tayari unasogeza pedi ya wino.

Mama Mkubwa akageukia tena upande wa mama.

"Dada," akasema.

Mama hakuitika.

Nilimtazama, sikuweza kuzuia. Alikuwa ameikodolea macho meza. Nimemsikia akimwita mwenzake neno hilo maisha yangu yote, kutoka jikoni, kutoka uani, akiwa na homa, akiwa amekasirika. Sijapata kulisikia likirudi.

"Dada," Mama Mkubwa akaita tena, kwa upole sana, na safari hii alikuwa anamsaidia. Alikuwa anamwonyesha mahali pa kukanyaga.

"Mwalimu?" Msajili akasema.

Nilichukua mkono wa Mama Mkubwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu, nikakilaza kidole chake gumba kwenye pedi. Kilikuwa kigumu, kimejaa vitundu vidogo vya miaka. Nikakiinua kikiwa cheusi, nikakipeleka juu ya kisanduku. Kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole kati ya wino na karatasi, nami nilikuwa nimeishikilia nafasi hiyo, sishushi. Ningeweza kusema jambo na sikusema. Nilichoweza ni kutoshusha mkono tu.

Msajili akaniambia binti, weka.

Mama akasimama. Alisimama kama wanafunzi wanavyosimama mbele yake, mikono imenyooka ubavuni.

"Usiweke," akasema. "Mheshimiwa, mimi ndiye mdogo. Jina lililo kwenye kitambulisho changu ni la huyu hapa. Nililichukua nikiwa na miaka kumi na miwili niende nalo shule, na nikajua siku zote kwamba ni lake. Mwanangu hana kosa, mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo."

Msajili alivua miwani yote miwili. Mama hakumngoja aseme. Aligeuka, akapiga magoti palepale kwenye saruji na gauni lake la vikao, akaushika ule mkono wenye wino usiguse karatasi.

"Dada," akasema, "mama alipokuwa kitandani wewe ulikuwa unamgeuza, mimi nilikuwa darasani naitika jina lako. Kila siku nimetaka kukwambia nikaishia kukutilia uzi. Chukua jina lako. Mimi nimelitumia, na sikuwahi kusema asante."